Mnong'ono na Ngoma: Kwarteti ya Nyuzi, Inanga na Suala la Usikilizaji kati ya Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna kwarteti ya nyuzi, utanzu mkuu wa muziki wa chumbani wa Ulaya, ilivyokutana na muziki wa Afrika Mashariki, na inauliza mkutano huo unatufunza nini kuhusu inanga ya kunong'ona ya Burundi. Inahoji kwamba watunzi walioandika kwarteti zenye asili ya Kiafrika wamechukua zaidi mapigo na ngazi za sauti, wakaacha lile ambalo muziki wa chumbani wa eneo letu unalitegemea kuliko yote: sikio linalokamilisha kile ambacho hakuna aliyekipiga. Inahoji vilevile kwamba sera ya urithi nchini Burundi imejengwa kwa kipimo cha uwanja, na kwamba gharama ya kipimo hicho hulipwa na muziki wa sauti ndogo.

1.0 Utangulizi

Anayetaja muziki wa Burundi mbele ya hadhira ya kimataifa huwa ametaja ngoma, hata kabla hajasema neno la pili. Jambo hili lina sababu zake. Gishora, kilima kilicho umbali wa kilomita 7 hivi kutoka Gitega, ni makao ya ngoma ambayo mapokeo huyahusisha na Mwami Mwezi Gisabo. Neno la Kirundi ingoma humaanisha ngoma na ufalme kwa pamoja. Tena mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Mtafiti anayelalamika kwamba ngoma imepewa heshima kupita kiasi atakuwa anashindana na historia.

Hata hivyo, upo ushahidi mmoja ambao kila mhakiki wa muziki wa Burundi anapaswa kuurudia. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki nchini Burundi, na rekodi zake zikatolewa katika santuri ya lebo ya Ocora. Ndani ya santuri hiyo zilikuwamo ngoma. Ilikuwamo pia inanga inayopigwa na mtu anayenong'ona maneno yake badala ya kuyaimba, na zilikuwamo salamu za kuimbwa za wanawake ziitwazo akazehe. Ngoma zilisafiri. Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake wa mwaka 1975, "The Jungle Line", na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ya Uingereza iitwayo Adam and the Ants ilijenga umaarufu wake juu ya mapigo ya aina hiyo. Mnong'ono haukusafiri hivyo. Ulibaki mikononi mwa wanazuoni wachache na wapenzi wa santuri. Vyote viwili vilitoka katika nchi moja, vikawekwa katika santuri moja, kisha kila kimoja kikapata ajali yake.

Makala hii inaisoma tofauti hiyo kwa kutumia utanzu wa mbali, yaani kwarteti ya nyuzi. Sikuichagua kwarteti kwa kuwa inanga inahitaji kipimo cha Ulaya ili iheshimiwe, haihitaji. Nimeichagua kwa sababu kwarteti ni muziki mdogo uliofanikiwa kupata chumba, wafadhili, shule na fasihi ya uhakiki, na kwa hiyo historia yake inaonyesha wazi ni vitu gani ambavyo muziki mdogo hukosa unapoanza kufifia. Nimeiweka hoja hii kati ya miji miwili. Gitega ni mji wa dola: una makumbusho ya taifa, una Gishora jirani, na tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa. Muyinga, kaskazini-mashariki, ni mji wa njia ya kwenda mpaka wa Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na ya msikiti kwa muda mrefu. Gitega inatupa suala la sera, na Muyinga suala la chumba.

2.0 Kwarteti kama mkataba wa usikivu

Kwarteti ya nyuzi ni fidla mbili, viola moja na chelo moja. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamfikishi msomaji popote. Ala hizo nne zilikuwapo kabla ya kwarteti kuwapo. Kilichozaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 18, hasa mikononi mwa Joseph Haydn, aliyeandika kwarteti 68, ni namna ya watu wanne kusikilizana bila kiongozi wa kuwapungia mkono. Katika mfululizo wake wa mwaka 1781, unaojulikana kwa namba 33, lahani haikai tena kwa fidla ya kwanza huku wengine wakiitikia. Wazo dogo huanzia kwa mmoja, likadakwa na wa pili, likageuzwa na wa tatu, na wakati mwingine yule aliyedhaniwa ni mwitikiaji ndiye anayegeuka kuwa msemaji. Goethe, katika barua yake ya mwaka 1829 kwa rafiki yake Zelter, aliufananisha utanzu huu na mazungumzo ya watu wanne wenye busara. Ulinganisho huo umerudiwa mno hata ukachuja, ila unabaki kuwa sahihi katika jambo moja: anayesikiliza kwarteti ni kama aliyeruhusiwa kuketi karibu na watu wanaozungumza mambo yao.

Neno lenyewe "muziki wa chumbani" latokana na Kiitaliano, na lilitofautisha muziki wa nyumba za watawala na ule wa kanisani na wa jukwaani. Nakiri kwamba neno hilo halitulii vizuri katika Kiswahili, kwa kuwa chumbani kwetu ni mahali pa kulala na pa siri za ndoa. Wapo watakaopendelea "muziki wa barazani" au "wa sebuleni". Nitaendelea na "chumbani", kwa kuwa linahifadhi wazo la kuta, nami nitazihitaji kuta hizo mbele ya safari.

Mila yetu ya Kiswahili, kwa hakika, haikuwa ngeni kwa jambo hili. Siti binti Saad na wenzake, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, walikuwa kundi dogo la sauti, udi, fidla na dufu, na sehemu kubwa ya sifa yao huko Zanzibar ilijengwa katika mikusanyiko ya usiku majumbani, ambako wasikilizaji walikaa karibu kiasi cha kulipima kila neno. Fidla, basi, si mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Ilishapata chumba chake hapa kabla ya mtu yeyote kuagiza kwarteti.

Lililo muhimu kwa hoja ya sera ni hatima ya wafadhili. Haydn aliingia katika utumishi wa familia ya Esterházy mwaka 1761, na muziki wake mwingi wa miaka iliyofuata ulitegemea nyumba hiyo ya kifahari. Nyumba za aina hiyo zilipopungukiwa uwezo wa kuwalipa wanamuziki, kwarteti haikufa, kwa sababu ilishapata mlango mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 mpigaji fidla Ignaz Schuppanzigh alianza kuandaa maonyesho ya kwarteti mjini Vienna kwa watu waliolipia viti. Noti zilichapwa zikauzwa kwa watu waliozipiga wao wenyewe nyumbani. Baadaye vyuo vilianza kufundisha. Muziki wa chumbani uliupoteza ufalme, ukabaki na chumba.

3.0 Inanga: lahani isiyoimbwa na mtu

Inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na umbo kama la sinia lenye kingo. Uzi mmoja hupitishwa katika pengo za ncha moja hadi nyingine, ukarudi, ukaenda tena, mpaka kukapatikana mistari 8 hivi ya kupigwa. Zamani uzi huo ulitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Mpigaji huketi, akaiweka ala karibu na mwili wake, na vidole vyake hudonoa nyuzi kwa sauti ambayo mtu aliye upande wa pili wa ua hawezi kuisikia vizuri. Masimulizi ya inanga ni ya wafalme, mashujaa, ng'ombe na misiba. Ilisikika katika nyumba za watawala, nayo ilisikika pia jioni katika nyumba za kawaida.

Katika namna ya kunong'ona, mpigaji haimbi kabisa. Mnong'ono, kwa maumbile yake, hauna kimo cha sauti: nyuzi za koromeo hazitetemi, kinachotoka ni mvumo wa pumzi uliofinyangwa na kinywa. Hata hivyo, anayesikiliza husikia mnong'ono huo ukipanda na kushuka pamoja na lahani, kana kwamba mtu anaimba kwa sauti ya chini sana. Mtafiti Cornelia Fales aliichunguza hali hii katika tasnifu yake ya mwaka 1993, na akairudia mwaka 2002 katika makala juu ya rangi ya sauti iliyochapishwa katika jarida la Ethnomusicology. Maelezo yake, kwa ufupi, ni kwamba sikio huunganisha vitu viwili vinavyotokea kwa wakati mmoja: kimo cha sauti kinachotoka katika uzi, na mvumo unaotoka kinywani. Matokeo ni kitu cha tatu ambacho hakimo katika uzi wala katika kinywa. Kirundi, kikiwa lugha yenye toni, husaidia: lahani ya nyuzi hufuata kwa kiasi kikubwa mwinuko na mshuko wa maneno, na msikilizaji mjuzi wa lugha hupata maana ambayo mnong'ono peke yake ungeipoteza.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha muziki wa chumbani wa eneo letu. Lahani ya inanga ya kunong'ona haiimbwi na mtu, bali inasikika. Asipokuwapo msikilizaji aliye karibu, kinachobaki ni nyuzi upande mmoja na pumzi upande mwingine.

Jambo hili halimo Burundi peke yake. Mwaka 1962 Gerhard Kubik aliandika katika jarida la African Music kuhusu ruwaza zinazosikika katika muziki wa ala wa Afrika Mashariki na ya Kati bila kupigwa na mtu yeyote mmoja. Mfano mashuhuri ni amadinda, marimba ya Buganda yenye vipande 12 vya mti. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana na kupishana kwa kasi, na kutokana na mapishano hayo sikio huchambua mistari ambayo mikono haikuikusudia. Mpigaji wa tatu ana kazi ya ajabu. Huisikiliza ruwaza iliyotokea chini, kisha huinyanyua na kuipiga juu, katika vipande viwili vya mwisho. Huyo ni msikilizaji aliyekabidhiwa nyundo. Sijui mfano bora zaidi wa uhakiki wa muziki unaofanyika ndani ya muziki wenyewe.

Akazehe nayo iko katika ukoo huohuo. Wanawake wawili wanaosalimiana hufungamanisha sauti zao, silabi ya mmoja ikaingia katika pengo la mwenzake, na salamu ikarefuka mpaka ikawa utunzi. Ukitafuta nchini Burundi kitu kinachokaribia mazungumzo ya kwarteti, usianzie kwenye ngoma kwa sababu tu wapigaji wake ni wengi. Anzia hapa, kwa watu wawili wanaopokezana neno bila kugongana.

4.0 Kwarteti zilizokuja Afrika

Mwaka 1992 Kronos Quartet, kundi la Marekani lililoanzishwa na David Harrington mwaka 1973, lilitoa albamu iitwayo Pieces of Africa, yenye kazi za watunzi 7 kutoka pembe mbalimbali za bara. Albamu hiyo ilipendwa sana, na ingali ndiyo mahali pa kwanza ambapo wasikilizaji wengi hukutana na wazo la kwarteti ya Kiafrika. Katika vipande kadhaa waliletwa wageni wenye ngoma, ala nyingine na sauti za kuimba. Wingi huo unasisimua, lakini kwa mhakiki unazua shaka: kwarteti inapohitaji kusaidiwa na ngoma ili isikike kuwa ya Kiafrika, je, ni muziki uliokutana na muziki, au ni mgeni aliyevalishwa kitenge?

Kazi mbili zinastahili kusomwa kwa makini zaidi. Ya kwanza ni White Man Sleeps ya Kevin Volans wa Afrika Kusini. Toleo lake la awali, la mwaka 1982, halikuwa kwarteti. Lilikuwa la vinanda viwili vya harpsikodi, viola da gamba na ala za kupiga, na harpsikodi hizo zililinganishwa upya ili zitoke katika mpangilio wa kawaida wa Ulaya na kuukaribia ule wa ala za Kusini mwa Afrika. Toleo la kwarteti lilikuja mwaka 1986. Ni kazi nzuri, nyepesi mwendo, isiyojitutumua. Lakini kitu kimoja kiliachwa njiani, nacho ndicho kilichokuwa kikali kuliko vyote. Mlinganisho mgeni wa sauti, ule uliomfanya msikilizaji wa toleo la awali akae vibaya kitini, ulilainishwa. Kwarteti ikabaki na mapigo yanayopishana na ngazi za sauti zenye mvuto. Nisemalo hapa ni la kihakiki, si la kumshitaki mtunzi: alichohamisha kilihamishika, na kisichohamishika kilikuwa rangi ya sauti.

Ya pili ni ya jirani yetu. Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyefundisha Makerere, aliandika kwarteti iitwayo kwa Kiganda Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Sehemu yake ya kwanza ndiyo iliyomo katika albamu ile. Hapa hakuna mgeni aliyeitwa kusaidia. Ala nne zinajitosheleza, zikirudiarudia vijilahani vifupi na kuvipitishana, kwa upinde na kwa kudonoa nyuzi, mpaka masikio ya aliyezoea amadinda yaanze kusikia mistari ya ziada. Tamusuza ameelewa jambo ambalo wengi hawakulielewa. Ala nne za ukoo mmoja, zenye sauti inayofanana kutoka chini hadi juu, zinaweza kumpa msikilizaji kazi ileile ya kuchambua ambayo marimba humpa. Kwa hiyo kazi yake ni kwarteti ya Kiafrika kwa maana ya ndani, na ni kosa la uhakiki kuiweka fungu moja na vipande vinavyoazima ngoma.

Bado nina neno nayo. Sehemu hii imejaa mno. Hakuna kijipengo cha mtu kuvuta pumzi, na msisimko wake huanza mapema na kudumu. Ni muziki ambao ukiupeleka katika ukumbi wa watu 1,000 hautapoteza mengi, na pengine ndiyo sababu ulifaulu. Lakini nusu ya pili ya urithi wa chumbani wa Maziwa Makuu, ile ya sauti iliyo karibu kutosikika, haimo.

Je, kwarteti inaweza kunong'ona? Inaweza. Mjerumani Helmut Lachenmann, katika Gran Torso, aliyoianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwaagiza wapigaji wapitishe upinde juu ya daraja la ala na juu ya mbao, mahali pasipotoa kimo cha sauti, ila mvumo mtupu kama pumzi. Kwa muda mrefu nyakati za aina hiyo zimesomwa kama ukataaji wa uzuri wa Ulaya. Msikilizaji aliyelelewa karibu na inanga atazisoma kwa namna tofauti kabisa: atasikia upande mmoja wa mkataba anaoujua, akingoja uzi uingie ili pumzi ipate lahani. Mtunzi wa Afrika Mashariki atakayeziweka chelo inayodonolewa na viola inayovuma katika kimo cha mnong'ono, kisha akaziandikia toni za Kirundi, atakuwa amefika mahali ambapo Volans hakufika na Tamusuza hakuelekea. Naona ajabu kwamba mafunzo ya utunzi katika eneo letu yangali yanamfundisha kijana kuutambua Uafrika kwa mapigo kwanza, kana kwamba bara zima huanzia mikononi.

5.0 Gitega: sera yenye kipimo cha uwanja

Tukirudi Gitega, suala linakuwa la dola. Ngoma yenyewe haikuanza kama muziki wa kila mtu. Ilifungamana na mwami na na Umuganuro, sherehe ya mtama, na kupigwa kwake kulikuwa na miiko. Ufalme ulipofutwa mwaka 1966, ngoma ilipata makao mapya jukwaani: mapokezi ya wageni, sikukuu za taifa, ziara za nje. Inanga nayo ilimpoteza mfadhili, na hapa ndipo mfano wa Vienna unapouma. Haikupata Schuppanzigh wake. Redio iliifaa, kwa kuwa maikrofoni ni chumba kidogo kuliko vyote na mnong'ono huingia humo bila shida, lakini redio humpa msikilizaji muziki bila kumpa mpigaji wanafunzi.

Mnamo Oktoba 2017 ilitolewa amri ya rais kuhusu ngoma. Iliwazuia wanawake kuzipiga, ikavitaka vikundi kujisajili wizarani, na ikaweka ada ya faranga 500,000 kwa onyesho lililo nje ya sherehe rasmi. Amri hiyo imejadiliwa sana kwa upande wa haki za wanawake, na kwa haki kabisa. Upande mwingine haujajadiliwa vya kutosha. Sheria ya aina hiyo inaonyesha dola inaelewa muziki kuwa nini: tukio linaloweza kuhesabiwa, lenye kikundi chenye jina, mahali pa wazi, na mwandaaji wa kutozwa. Kuna wanaosema inanga ina bahati kwa kutotajwa. Sikubaliani nao. Kisichotajwa katika kanuni ni rahisi kukosa mahali katika bajeti, na kikikosa bajeti hakipati mwalimu.

Washauri wengine wa sera hupendekeza dawa iliyo karibu: inanga nayo ipelekwe UNESCO. Pendekezo si baya, ila mhakiki ana wajibu wa kuuliza kingepelekwa nini. Maombi ya kuandikishwa huambatana na video ya dakika 5 hadi 10. Katika video kama hizo, kwa kawaida, mpiga ala huonekana, kisha sauti ya msimulizi huingia juu yake kueleza umuhimu wake kwa jamii. Kwa ngoma hilo halina madhara makubwa. Kwa inanga ya kunong'ona, sauti ya msimulizi inafuta kitu chenyewe kinachoelezwa. Itabaki picha ya mzee mwenye ubao mapajani, midomo ikisogea.

Jumba la Makumbusho la Taifa lililoko Gitega, lililoanzishwa mwaka 1955, ni dogo. Wageni hulalamikia udogo huo. Mimi nauona kuwa ni mali. Ala inayokaa ndani ya kabati la kioo haisemi neno, lakini ukumbi mdogo unaweza kupokea viti 40 na mpigaji mmoja, jioni moja kwa mwezi, kwa gharama isiyofikia hata ya usafiri wa kikundi kimoja cha ngoma kwenda ng'ambo. Haihitaji vipaza sauti. Kwa kweli vipaza sauti viko miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyopaswa kukatazwa humo, kwa kuwa spika ikiwekwa mbali na mpigaji huutenga mnong'ono na uzi, na muunganiko aliouelezea Fales hulegea.

6.0 Muyinga: suala la chumba

Muyinga haina jina kubwa katika fasihi ya muziki wa Burundi, na ndiyo sababu nimeiingiza. Mwaka 2012 ilikamilika hapo maktaba iliyosanifiwa na BC Architects, kundi la wasanifu kutoka Brussels, ikiwa sehemu ya mradi wa shule kwa watoto viziwi, na ikikusudiwa pia watu wa mji. Wasanifu wa majengo wameiandika sana. Wanamuziki, kwa kadiri nilivyosoma, hawajaitazama vya kutosha, nao wangepaswa. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa lake ni la vigae vya udongo uliochomwa juu ya miti ya mkaratusi, mbele yake pana ukumbi mrefu wenye kivuli unaofuata mtindo wa baraza za nyumba za huko, na ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambamo watoto hulala wakisoma.

Paa ndilo linalonivutia zaidi. Kumbi nyingi za shule na za jamii katika ukanda wetu zimeezekwa mabati. Mvua inaponyesha juu ya mabati, mwalimu hunyamaza na mhubiri hupaza sauti. Ngoma hustahimili, inanga hukoma. Nyanda za juu za Burundi zina miezi mingi ya mvua kwa mwaka, kwa hiyo suala la kuezeka ni suala la muziki upi utaweza kufundishwa na kusikika katika miezi hiyo. Vigae na udongo hupunguza kelele. Kuta nene huizuia barabara isiingie. Aliyesanifu maktaba hiyo alikuwa akitafuta ubaridi na utulivu wa kusomea. Bila kulenga hivyo, alieleza pia mahitaji ya muziki wa chumbani kwa vifaa vinavyopatikana wilayani.

Kwamba jengo hilo lilianzia kwa watoto viziwi si jambo la kupita haraka. Inanga hushikwa karibu na mwili, na ubao wake hutetema. Mtoto anayeuweka mkono juu ya ubao huo hupata uzi kwa kiganja, na midomo ya anayenong'ona huisoma kwa macho. Atakachokosa ni ule muunganiko wa tatu unaotokea sikioni. Atakachopata, hata hivyo, ni vile vitu viwili vinavyouzaa, kila kimoja peke yake, jambo ambalo sisi wenye kusikia hatuliwezi kwa urahisi. Mwalimu wa muziki atakayefanya kazi na watoto hao atajifunza mambo kuhusu inanga ambayo uchanganuzi wa rekodi hauwezi kumpa.

Tena Muyinga inalileta suala la lugha. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni. Toni za Kirundi ndizo zinazobeba lahani ya inanga. Kiswahili, kisicho na toni za aina hiyo, hakiwezi kuchukua nafasi yake katika mnong'ono. Nimewahi kusikia pendekezo, lililotolewa kwa nia njema, kwamba masimulizi ya inanga yatafsiriwe kwa Kiswahili ili yawafikie watu wa kanda. Yatafsiriwe kwa ajili ya kusomwa, ndiyo, na yachapwe. Yakitafsiriwa kwa ajili ya kupigwa, nyuzi zitakwenda njia moja na maneno njia nyingine. Kazi ya Kiswahili hapa ni ya uhakiki: kutupatia istilahi za kuuzungumzia mnong'ono, mvumo, rangi ya sauti na ruwaza zinazosikika bila kupigwa, ili mtafiti wa Makerere, wa Zanzibar na wa Gitega wabishane bila kupitia Kifaransa au Kiingereza. Istilahi nilizotumia katika makala hii nyingine zimelegea, na "kimo cha sauti" kinahitaji mjadala.

Basi ninalowapendekezea wanaopima miradi ya urithi ni dogo na la kiutendaji. Fomu za tathmini huuliza idadi ya waliohudhuria, na kwa kipimo hicho muziki wa watu 40 hushindwa kabla haujaanza. Liongezwe swali la pili: msikilizaji wa mwisho aliketi umbali gani kutoka kwa mpigaji? Kwa ngoma ya Gishora jibu laweza kuwa mita 50, na ni jibu zuri. Kwa inanga, onyesho ambalo jibu lake linazidi mita 6 au 7 halipaswi kuhesabiwa kuwa limefanyika.